Kutoka Njia ya Boriti hadi Njia ya Mbao: Historia ya Matembezi Mikokoni katika Unguja na Pwani ya Kenya

Utangulizi

Katika kijiji cha Pete, kusini mwa kisiwa cha Unguja, ipo njia ya mbao inayopita juu ya tope la mikoko. Mtu anaweza kuimaliza kwa mwendo wa taratibu bila kulowa miguu, maji yakiwa yamejaa au yamekupwa. Njia za namna hiyo zipo pia katika hori ya Mida karibu na Watamu, katika ghuba ya Gazi kusini mwa Mombasa, na kisiwani Wasini, ambako mbao zimepitishwa juu ya miamba ya matumbawe ya kale. Wanaowaongoza wageni huzieleza kuwa ni matembezi mepesi yanayowafaa watoto, wazee na watu wasiozoea safari za porini. Maelezo hayo ni ya kweli, ila yanaficha jambo moja, kwamba wepesi huo umetengenezwa. Kabla ya mbao hizo kuwekwa, watu walipita humo humo mikokoni kwa karne nyingi, nao hawakupita kwa wepesi wala kwa kujifurahisha.

Makala hii inachunguza namna njia ya mkata boriti ilivyopisha njia ya mtembezi katika ardhioevu za Unguja na pwani ya Kenya. Hoja inayojengwa ni kwamba njia ya mbao haikuwa nyongeza ndogo ya utalii iliyokuja kuipamba hifadhi. Ilibadili masharti ya kuingia mikokoni: nani aingie, aingie kufanya nini, na malipo ya kuingia kwake yaende kwa nani. Kwa sababu hiyo historia ya matembezi haya haiwezi kuandikwa kwa kuanza na mtalii wa kwanza. Inapaswa kuanza na shoka.

Suala la istilahi linahitaji kutajwa mapema. Waswahili wanalo neno la matembezi yasiyo na kazi, nalo ni kupunga upepo. Hupungwa Forodhani jioni, hupungwa ufukweni, hupungwa barazani baada ya alasiri. Kitenzi kutembea chenyewe hubeba maana ya kuwazuru watu, ndiyo maana mtu aliyekwenda kwa jamaa zake husemwa kuwa amekwenda kutembea. Katika matumizi hayo yote mikoko haimo. Mikokoni kulikuwa na mbu, tope la kufika magotini, harufu ya maozo na hatari ya kuzungukwa na maji. Aliyekwenda huko alikuwa na haja: kuni, boriti, kaa, chaza, dawa. Alipomaliza haja yake alitoka. Wazo la mtu kuingia mikokoni ili atazame tu, kisha alipie kutazama huko, ni wazo changa sana katika pwani hii.

Njia ya mkata boriti

Jina mikoko hutumiwa kwa jumla kwa miti yote inayoota baina ya maji kujaa na maji kupwa, lakini wakazi wa pwani hawakuwahi kuichanganya. Mkoko wenyewe ni ule wenye mizizi inayoshuka kutoka shinani kama miguu ya buibui. Mkandaa ni mwembamba, ulionyooka, mgumu, na gome lake hutoa rangi nyekundu. Msinzi, ambao pwani ya Kenya huitwa muia, una mizizi iliyojikunja kama magoti. Mchu hustahimili chumvi nyingi na huota hata upande wa nchi kavu, ilhali mlilana husimama mbele kabisa, ukikabili bahari. Mkomafi hutambulikana kwa tunda lake kubwa la mviringo. Kila mti ulikuwa na kazi yake, na ujuzi wa kuitofautisha ulikuwa sehemu ya malezi ya kijana wa pwani kama ulivyokuwa ujuzi wa kusoma mwezi ili kujua bamvua na maji mafu.

Ujuzi huo wa maji ndio uliofanya njia. Mikokoni hapakuwa na njia ya kudumu kwa maana ya barabara, kwani maji yaliifuta kila siku. Kulikuwa na vijito ambavyo mtumbwi uliingia maji yakijaa, na sehemu za tope gumu ambazo mguu uliweza kupita maji yakipwa. Mkataji aliingia na maji, akakata wakati wa kupwa, akakokota miti hadi ukingo wa kijito, kisha akangoja maji yarudi kumtoa yeye na mzigo wake. Aliyekosea hesabu alilala huko. Mfano wa njia inayotawaliwa na maji ungali unaonekana Unguja: kisiwa cha Uzi huunganishwa na Unguja Ukuu kwa tuta la mawe linalokatiza mikokoni, na maji yakijaa tuta hilo huzama. Watu wa Uzi wamepanga safari zao za sokoni, hospitalini na harusini kwa kufuata mwezi.

Miti iliyokatwa ilipangwa kwa unene, na majina ya madaraja yake yamebaki katika lugha ya mafundi hadi leo: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Fito na pau zilikwenda katika kuta na mapaa ya nyumba za udongo na makuti. Boriti zilibeba dari za nyumba za mawe za Lamu, Mombasa, Unguja na Kilwa. Wachunguzi wa majengo hayo wameonesha kwamba vyumba vyake ni virefu lakini vyembamba, upana wake ukiwa kwa kawaida chini ya mita 3, kwa kuwa boriti ya mkoko haikuweza kubeba dari pana zaidi ya hapo. Kwa hiyo umbo la sebule ya mwungwana liliamuliwa kule topeni, na mti ambao pengine hakuwahi kuuona ukiwa umesimama.

Biashara ya mti huu nje ya Afrika ni ya kale. Mwanajiografia al-Istakhri, aliyeandika katika karne ya 10, anaeleza kwamba nyumba za Siraf, mji wa bandari katika Ghuba ya Uajemi, zilijengwa kwa msaji na kwa miti iliyoletwa kutoka nchi ya Zanj. Nchi za Ghuba hazina miti mirefu ya kujengea, nazo zina mchwa na joto, na boriti ya mkoko hustahimili vyote viwili. Majahazi yalishuka na kaskazi yakiwa na tende, chumvi na samaki wakavu, yakapanda na kusi yakiwa na boriti. Utaratibu huo ulidumu hadi katikati ya karne ya 20. Alan Villiers, baharia na mwandishi kutoka Australia, alisafiri mwaka 1938 na 1939 katika jahazi la Kuwait lililoitwa Bayan, chini ya nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi, na katika kitabu chake cha mwaka 1940 ameeleza jahazi hilo lilivyoingia katika delta ya Rufiji kupakia boriti. Anayesoma maelezo yake hawezi kubaki na fikra kwamba mikoko ilikuwa pori tupu lisilo na watu. Ilikuwa karakana, yenye zamu, bei, ugomvi na homa.

Ni vyema kusisitiza hapa kwamba wakataji hao ndio wachache mno kutajwa katika kumbukumbu. Majina ya manahodha yamehifadhiwa, ya wafanyabiashara yamehifadhiwa, na hata uzito wa shehena uliandikwa. Aliyesimama topeni na shoka lake hana jina. Vivyo hivyo wanawake waliokusanya kuni, chaza na makome katika kingo za mikoko hawakuingia katika daftari la forodha lolote, kwa sababu walichokichukua kililiwa au kuchomwa nyumbani siku hiyo hiyo.

Kufungwa kwa njia

Serikali za kikoloni ziliikuta mikoko ikiwa na faida na zikataka sehemu yake. Utawala wa Wajerumani uliitangaza mikoko ya delta ya Rufiji kuwa hifadhi mwaka 1898, kwa shabaha iliyo wazi: kudhibiti mapato ya boriti na ya magome yaliyotumika viwandani kutengenezea ngozi. Nchini Kenya, Waingereza waliitangaza mikoko yote ya pwani kuwa msitu wa serikali mwaka 1932. Tangu hapo mkataji alihitaji leseni. Neno hifadhi, katika maana hiyo ya kwanza, halikumaanisha kwamba mti usikatwe. Lilimaanisha kwamba usikatwe bila ushuru.

Maana ya pili ilikuja baadaye. Soko la Ghuba lilidhoofika pale mapato ya mafuta yalipoleta saruji na chuma, na mwaka 1982 Kenya ilipiga marufuku usafirishaji wa boriti kwenda nje. Marufuku hiyo iliigusa zaidi Lamu, ambako ndiko iliko sehemu kubwa ya mikoko ya Kenya na ambako familia nyingi zilitegemea ukataji. Hata hivyo, haikusimamisha ukataji kwa matumizi ya ndani. Gazi ni mfano mzuri. Katika miaka ya 1970 mikoko ya ghuba hiyo ilikatwa kwa wingi kuwa kuni za viwandani, na sehemu zilizobaki wazi hazikuota tena zenyewe. Majaribio ya kuipanda upya yalianza mwaka 1991. Miche iliyopandwa wakati huo ndiyo miti ambayo mgeni wa leo huoneshwa kana kwamba imekuwapo tangu zama za kale.

Katika kipindi hiki cha leseni na marufuku njia za zamani ziligeuka kuwa za kificho. Mtu aliyemfuata babake mikokoni akiwa mtoto alijikuta, akiwa mtu mzima, akiitwa mwizi kwa kufanya kazi ile ile. Uhusiano wa kijiji na msitu wake haukukatika, ila uliharibika. Katika hali hiyo ndipo lilipokuja wazo la kutembeza wageni.

Pete na msitu wa Jozani

Msitu wa Jozani unaota juu ya ardhi ambayo maji yake ya chini yako karibu sana na uso, kiasi kwamba majira ya mvua sehemu zake hufurika. Ni ardhioevu kwa maana kamili ya neno, yenye mitondoo na michikichi juu ya udongo mweusi. Ulivunwa mbao kabla haujahifadhiwa, na baadhi ya miti mirefu inayoonekana leo ilipandwa na idara ya misitu. Mnamo mwaka 1995 serikali ya Zanzibar, kwa kushirikiana na shirika la CARE, ilianzisha mradi wa kuhifadhi Jozani pamoja na ghuba ya Chwaka, yenye mikoko mingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya Unguja. Mwaka uliofuata ilipitishwa Sheria Namba 10 ya 1996 kuhusu misitu, iliyotoa nafasi kwa vijiji kuingia mapatano na serikali juu ya usimamizi wa misitu yao. Mwaka 2004 eneo hilo, lenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 50, lilitangazwa kuwa hifadhi ya kwanza ya taifa Zanzibar, na mwaka 2016 UNESCO ililiingiza katika orodha yake ya hifadhi za bayongahewa.

Wageni waliofika Jozani walifuata hasa mnyama mmoja, kima punju, ambaye haishi popote duniani isipokuwa Unguja na mahali pachache alipohamishiwa. Punju ni sumu, na jina hilo linaonesha kwamba wakulima hawakumwona kuwa kivutio. Alikula majani ya miembe yao na nazi changa za minazi yao. Madai ya fidia yalikuwa makali. Watafiti Kirstin Siex na Thomas Struhsaker walichapisha mwaka 1999 uchunguzi uliohesabu nazi zilizoliwa na zilizovunwa, wakaona kwamba mashamba ambayo kima walikula zaidi hayakuwa na mavuno haba. Yalikuwa na mavuno mengi zaidi. Maelezo yao ni kwamba kupunguzwa kwa nazi changa huenda kunazisaidia zile zinazobaki kukomaa, kwani si kila nazi changa hukomaa. Matokeo hayo yana thamani kubwa kisayansi, lakini itakuwa ni kukosa adabu ya utafiti kudhani kwamba yaliumaliza ugomvi. Mkulima aliyeikuta nazi yake imetobolewa hakuwa akibishana kuhusu wastani. Alikuwa akiuliza kwa nini mnyama wa serikali ale shambani kwake ilhali mapato ya kumtazama mnyama huyo yanakwenda mjini.

Swali hilo ndilo lililojibiwa kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kugawa sehemu ya viingilio vya hifadhi kwa vijiji jirani na kwa wakulima ambao mashamba yao huingiwa na kima. Ya pili ilikuwa njia ya mbao ya Pete. Tofauti baina ya njia hizi mbili ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mgawo wa viingilio ni fedha inayotoka kwa mamlaka kwenda kijijini, kijiji hupokea. Njia ya mbao ilikuwa ni kitu kilichosimama katika mikoko ya kijiji chenyewe, chenye mwanzo na mwisho, ambacho kijiji kingeweza kukihesabu kuwa chake. Mikoko ya Pete, iliyokuwa ikitazamwa kuwa chanzo cha kuni na boriti, ilipata bei nyingine ambayo haikuhitaji mti kuanguka.

Faida ya kimaumbile ya njia hiyo nayo si ndogo. Mizizi ya kupumulia ya mchu na mlilana huchomoza topeni kama kalamu zilizosimamishwa, na ndiyo inayoupatia mti hewa katika udongo usiopitisha hewa. Miguu mingi ikipita juu yake kila siku huivunja na kulishindilia tope. Mkataji mmoja aliyepita mara moja kwa mwezi hakuleta madhara hayo; makundi ya wageni wanaokuja kutazama uzuri wa mikoko yangeyaleta. Kwa hiyo mbao zilihitajika ili kuwalinda mikoko na wapenzi wao. Hapa pana kejeli kidogo, kwamba matembezi yaliyokusudiwa kuwa mbadala wa uharibifu yasingewezekana bila kujenga kitu cha kuyazuia yasiharibu.

Mpangilio wa ziara ya Jozani nao unastahili kuangaliwa. Mgeni huongozwa kwanza msituni, kisha kwenye kundi la kima, na mwisho mikokoni. Mikoko huwa kituo cha kupumzikia, mahali pa kusikiliza kaa wakibofya topeni na kumwona kima, akibahatika, akila majani ya mkoko wenyewe. Matembezi yote ni tambarare. Mwongozaji huwa mwenyeji, na mengi anayoyaeleza kuhusu dawa, rangi na matumizi ya kila mti ni elimu ile ile ya wakataji na wakusanya kuni, iliyogeuzwa kuwa masimulizi. Elimu iliyokuwa ikimwezesha mtu kuvuna sasa humwezesha kueleza kilichokuwa kikivunwa.

Mida: matembezi yanayolipa karo

Hori ya Mida ilikuwa na majirani wa kale. Magofu ya mji wa Gede, yaliyoanza kuchimbuliwa na James Kirkman mwaka 1948, hayako mbali na maji yake, na wakazi wa mji huo walihitaji boriti kama Waswahili wengine wote wa nyumba za mawe. Leo hori hiyo imo katika hifadhi ya Watamu, ambayo mbuga yake ya baharini ilianzishwa mwaka 1968. Sifa yake kubwa ni ndege wa kuhama. Kila mwaka ndege wa ufukweni hutoka maeneo ya kaskazini ya Asia na Ulaya kuja kula katika tope lake, na pamoja nao huja Dromas ardeola, ndege mweupe na mweusi mwenye mdomo mnene wa kupasulia kaa, ambaye hutaga katika mashimo ya mchanga kwenye fukwe za Bahari ya Shamu na Ghuba.

Mwaka 2001 shirika la A Rocha Kenya lilianzisha mpango wa kusaidia elimu ya sekondari kwa watoto wa familia zinazoishi kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke na hori ya Mida. Sehemu ya fedha zake hutokana na wageni wanaopita katika njia ya mbao iliyoning'inizwa juu ya mikoko, yenye urefu wa mita 260 hivi, inayoishia kwenye kibanda cha kutazamia ndege. Masharti ya msaada huo ni sehemu ya historia yenyewe. Familia hupata karo, nayo hutarajiwa kushiriki katika uhifadhi, kwa mfano kwa kupanda miti na kuhudhuria mafunzo ya mazingira. Hivyo tembezi la nusu saa la mgeni huungana na muhula wa mtoto ambaye huenda hawatakutana.

Uamuzi wa kuielekeza fedha katika karo ulikuwa wa busara kuliko kuigawa kaya kwa kaya. Fedha ya viingilio vya matembezi ni ndogo na haitabiriki. Ikigawanywa kwa watu wote huwa si kitu. Karo ni deni linalojulikana kiasi chake na tarehe yake, na mzazi huona wazi kilicholipwa. Hata hivyo mpango wa namna hii huchagua, na kuchagua huacha watu nje. Mkusanya kuni asiye na mtoto wa umri wa sekondari hupoteza kuni na hapati karo. Tatizo hilo halipo Mida peke yake; lipo kila mahali ambapo hasara ni ya kila mtu na malipo ni ya baadhi.

Gazi: njia ya wanawake na biashara isiyo na mtembezi

Gazi inajulikana katika historia ya siasa kwa Mbaruk bin Rashid al-Mazrui, aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896 na ambaye makao yake yalikuwa hapo. Katika historia inayojadiliwa hapa, Gazi ina umuhimu kwa sababu njia yake ya mbao ni ya wanawake wa kijiji. Kikundi chao kinaitunza, kinawatembeza wageni na wanafunzi, na kinauza chakula cha pwani kwa wanaomaliza matembezi. Wanawake wa Wasini nao wanaendesha njia yao kwa mtindo unaokaribiana na huo.

Jambo hili lisichukuliwe kuwa dogo. Katika biashara ya boriti mwanamke hakuwa na nafasi yoyote inayoonekana. Mnada, leseni na jahazi vilikuwa vya wanaume. Njia ya mbao ilipojengwa, waliokuwa wakiingia mikokoni kwa kazi isiyo na bei ndio waliopata kuwa wenye mlango. Wapo wanaoweza kusema kwamba kupika na kupokea wageni ni mwendelezo wa kazi za nyumbani tu, na kuna ukweli katika hilo. Lakini anayeshika daftari la mapato si sawa na anayepika bila kuulizwa.

Kisha Gazi ikaenda mbali zaidi. Mwaka 2013 ulizinduliwa mradi wa Mikoko Pamoja, unaovihusisha vijiji vya Gazi na Makongeni na kuhifadhi hekta 117 za mikoko. Mradi huu huuza hati za hewa ya ukaa inayofyonzwa na miti na kuzikwa topeni, takriban tani 3,000 kwa mwaka, na mapato yake yametumika katika maji ya bomba, shule na shughuli nyingine za vijiji. Umepanda pia mivinje nchi kavu ili watu wapate miti ya kujengea bila kurudi mikokoni. Waswahili husema ndio kwanza mkoko unaalika maua, wakimaanisha jambo ambalo bado linaanza, na kwa Gazi usemi huo unakaribia kuwa maelezo halisi.

Kwa mtazamo wa historia ya matembezi, mradi wa hewa ya ukaa una jambo la kustaajabisha: hauhitaji mtu apite. Boriti ilimhitaji mkataji. Njia ya mbao inamhitaji mgeni. Hati ya hewa ya ukaa inahitaji mpimaji anayekuja kwa nadra, na mnunuzi aliye mbali ambaye hatakanyaga tope wala ubao. Udhaifu wa kumtegemea mgeni ulidhihirika mwaka 2020, safari za kimataifa ziliposimama kwa sababu ya UVIKO-19. Njia ya mbao isiyopitwa haiingizi kitu, lakini haiachi kuoza. Chumvi, jua na maji ya kila siku hula misumari na mbao kwa kasi ile ile, kuwe na mgeni au asiwepo. Kijiji kinachotegemea kiingilio kukarabati njia, na kinahitaji njia iliyokarabatiwa ili kupata kiingilio, hujikuta katika mzunguko mgumu.

Lakini hoja hiyo isipelekwe hadi kuiona njia ya mbao kuwa imepitwa na wakati. Fedha za hewa ya ukaa huingia katika mfuko wa kijiji na kuamuliwa mikutanoni. Fedha za njia huingia mikononi mwa wanawake walioifanyia kazi siku hiyo. Ya kwanza hununua bomba, ya pili hununua mafuta ya taa, daftari la shule na nauli ya kwenda Msambweni. Aidha, hati ya hewa ya ukaa haimfundishi mtoto tofauti ya mkandaa na msinzi. Wanafunzi wanaopitishwa juu ya mbao hufundishwa majina hayo mbele ya miti yenyewe, na hao ni watoto wa pwani ambao wengi wao wamekulia katika nyumba za matofali ya saruji na mabati, zisizo na boriti hata moja. Maji yanapokupwa, mwongozaji wa Gazi au wa Pete huweza kuwaonesha visiki vya zamani vilivyobaki topeni chini ya mbao, vikiwa vimekatwa kwa mshazari, na kuwaeleza ni miti gani iliyosimama hapo, na ilikwenda kujenga nini.